Jinsi ya kupima hamu ya kula na urefu wa maisha nyumbani kwako: daftari, mizani ya jikoni na vinzi vya ndizi

Mamdogo wangu anakaa Majengo hapa Moshi, mwaka juzi alinunua unga fulani wa kukoroga kwenye maji ya moto asubuhi, akaambiwa unakata hamu ya kula na juu yake unaongeza miaka ya kuishi, kopo la pili akalinunua kwa hela ya kikoba. Nikamuuliza mamdogo umejuaje kama unafanya kazi? Akaniambia "mwanangu, mbona njaa siisikii kabisa siku hizi." Nikamwambia sawa mamdogo, ila tangu uanze huo unga ndo umeanza pia kunywa maji ya moto kikombe kizima kila asubuhi, na maandazi ya saa nne umeyaacha, sasa kati ya hivo vitatu kipi kimekata njaa? Akanyamaza. Mi mwenyewe sikuwa na jibu, na kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwepo palepale jikoni kwake, sema hakuna mtu aliyewahi kutuonyesha namna ya kulitafuta.

Kwa hiyo huu mwongozo ni kwa yeyote wa Moshi, Arusha ama popote mwenye jiko, daftari na subira kidogo. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: hamu ya kula unaweza kuipima kwenye mwili wako na ndani ya mwezi na nusu una jibu lako, lakini urefu wa maisha huwezi kujipima, maana una maisha mamoja tu na hakuna wewe wa pili aliyekula tofauti tumuangalie naye alifika wapi. Babu wa Kibosho mwenye miaka 95 akikwambia siri ni mtori msikilize kwa heshima zote, ila kuna wenzake waliokula mtori wa sufuria ileile na tukawazika wakiwa na 50, hao hakuna anayewauliza. Na hata hiyo 95 mara nyingi ni ya kukadiria, wazee wetu wengi cheti cha kuzaliwa hawana. So umri tutaupima kwa viumbe vinavyozaliwa, vinazeeka na kufa ndani ya miezi miwili mitatu, na bahati nzuri hivo viumbe, yani vinzi vya ndizi, vipo jikoni kwako sasa hivi kama una ndizi iliyoiva sana.

Watu kujipima wenyewe sio kitu kipya. Mwaka 1912 pale Harvard kulikuwa na kijana anaitwa Washburn, mwanafunzi wa profesa Walter Cannon, alijizoesha kumeza puto lililofungwa kwenye mrija, linapulizwa likiwa tumboni afu yeye anabonyeza kitufe kila akisikia njaa inauma, ndo wakaona tumbo linajikunja wakati uleule anaposema inauma. Wewe hutameza kitu chochote cha hivo, wala hutahitaji. Nimemtaja kwa sababu ya kile kitufe: alirekodi njaa muda uleule inapouma, hakusubiri jioni akumbuke. Ukikumbuka jioni utadanganywa na chakula ulichokula mchana.

SEHEMU YA KWANZA: HAMU YA KULA

Hatua ya 1. Jiulize kama jaribio hili ni la kwako

Kama ni mjamzito, unanyonyesha, una umri chini ya miaka 18, unatumia dawa za sukari (hasa sindano za insulini), uko kwenye dozi ya TB, una vidonda vya tumbo vinavyosumbua, au umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula ama kujitapisha, acha sehemu hii, nenda moja kwa moja kwenye vinzi. Sio kwamba nakubagua, ni kwamba hata kubadilisha kifungua kinywa tu kunaweza kuvuruga dawa.

Na hata kama mzima kabisa, jaribio letu sio la kushinda njaa. Tunabadilisha aina ya chakula, hatukati chakula. Marekani mwaka 1944 hadi 1945 kule Minnesota, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwachukua wanaume 36 vijana wenye afya waliojitolea, wakawalisha kama kalori 1,570 kwa siku kwa miezi 6 na huku wanatembea sana, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kinachonisikitisha zaidi ni kilichotokea kichwani, walikuwa wanaota chakula, wanalamba sahani, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, hasira za karibu, hawataki kuongea na mtu. Njaa ya muda mrefu inakugeuza mtu mwingine kabisa. Ukisikia kizunguzungu, jasho la baridi, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, kula hapohapo na jaribio limeishia siku hiyo.

Na zile poda na vidonge vya kukata hamu usivijaribu kabisa, hata kwa kupima kisayansi kama hivi. Kuna bidhaa za kupunguza mwili zilizowahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Hujui kilichomo, basi huna cha kupima. Mamdogo kopo lake tulilitupa, ilibidi tuongee sana maana hela ya watu ilishaingia pale.

Hatua ya 2. Chagua swali moja

Swali moja tu. "Nikianza siku na viazi vya kuchemsha badala ya maandazi, mchana nitakula kidogo zaidi?" Hilo ni swali. "Nile vizuri nipungue" sio swali, hilo ni ombi.

Hili la viazi na maandazi sijaliokota hewani. Mwaka 1995 chuo kikuu cha Sydney, Susanna Holt na wenzake walichukua vyakula 38, kila kimoja wakapima kiasi chenye kalori 240, wakawapa watu wale afu wakawauliza kila robo saa kwa masaa mawili umeshiba kiasi gani, mwisho wakaangalia wanakula kiasi gani tena. Mkate mweupe wakaupa 100 uwe kipimo. Viazi vya kuchemsha vikapata 323, vya kwanza kabisa. Donati, ambayo ni ndugu wa andazi letu, ikapata 68, na kroasanti ikawa ya mwisho na 47. Kalori zilezile, shibe tofauti mara nne na zaidi! Lakini hawakupima ndizi mshare, kiburu, makande wala loshoro. Hapo ndo wewe unapoingia, hakuna mtu wa Sydney atakayekuja Mbuyuni hapa Moshi kukupimia kiburu.

Hatua ya 3. Vifaa

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja. Rula. Daftari la mistari, sio simu, kwa sababu simu ukiifungua kuandika njaa unajikuta dakika ishirini ziko kwenye video. Kikombe na vikaratasi 20. Hotpoti. Basi.

Hatua ya 4. Linganisha kalori, hapa ndo wengi wanaharibu

Ukila viazi sahani nzima na andazi moja afu useme viazi vinashibisha, hujapima kitu. Viazi vya kuchemsha vina kama kalori 87 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 275 hivi zinakupa 240. Maandazi hayana lebo, ila unaweza kuyahesabu mwenyewe: pima unga (gramu 100 ni kama kalori 360), pima sukari (gramu 1 ni kalori 4), halafu, na hii napenda sana kuwaonyesha watu, pima karai pamoja na mafuta kabla ya kukaanga na upime tena ukimaliza, yakiwa yamepoa. Tofauti ndo mafuta yaliyoingia kwenye maandazi, na mafuta ni kalori 9 kwa gramu. Mara ya kwanza nilipomwonyesha mamdogo ile tofauti kwenye mizani alirudisha karai likapimwa tena, hakuamini. (Maji yanayotoka kwenye donge kama mvuke yapo hewani, hayakai kwenye karai, kwa hiyo hesabu haiharibiki sana.) Jumlisha zote, gawa kwa idadi ya maandazi, unajua moja lina ngapi, unakata kipande kinachofika 240. Chai iwe ileile siku zote, sukari ileile, kikombe kilekile.

Hatua ya 5. Wiki moja ya kujiangalia bila kubadilisha chochote

Kula kama kawaida, andika tu. Wiki hii inakufundisha kuandika na inakuonyesha mwili wako unavyocheza. Ukijipima uzito kila asubuhi baada ya kutoka chooni utaona leo umeongezeka kilo nzima na kesho imeondoka, hayo ni maji na chumvi. Mtu aliyekula nyama choma Jumamosi pale Njiro Jumatatu mizani inamtisha bure. Ndo maana kwenye jaribio la wiki tatu uzito sio kipimo chetu kikuu, kipimo ni kiasi unachokula mchana.

Hatua ya 6. Piga kura

Andika vikaratasi 10 "viazi" na 10 "maandazi", kunja, weka kwenye kikombe. Kila jioni chomoa kimoja, ndo kifungua kinywa cha kesho, usikirudishe. Kwa nini usifanye tu siku 10 za viazi afu 10 za maandazi? Kwa sababu mwezi wenyewe haulingani, mwanzo wa mwezi kuna mshahara na nyama, mwisho wa mwezi ni dagaa, katikati kuna baridi imeingia au msiba umetokea, na kama viazi vyote vimeangukia wiki ya msiba utavilaumu viazi. Kura inatawanya hayo yote pande zote mbili.

Usichague siku yenyewe asubuhi ukiamka na njaa. Hapo umeshaamua wewe, sio kikombe.

Hatua ya 7. Siku yenyewe inavyoenda

Saa moja asubuhi unakula kifungua kinywa chako, chote, ndani ya robo saa. Baada ya hapo maji tu mpaka mchana.

Saa tatu, saa nne, saa tano, saa sita, chora kwenye daftari mstari wa sentimita 10 kwa rula. Kushoto kabisa andika "sina njaa hata kidogo", kulia kabisa "njaa sijawahi kuisikia hivi". Weka alama ya wima pale unapojisikia, usifikirie sana, funga daftari. Usiangalie alama ya saa iliyopita, funika kwa karatasi. Baadaye unapima kwa rula kutoka kushoto, alama ikiwa kwenye milimita 63 basi njaa yako ni 63. Hii njia ya mstari ndo wanayotumia watafiti wa hamu ya kula mpaka leo, kitu rahisi kuliko vyote na hakina gharama.

Saa saba mchana ndo kipimo kikuu. Chakula kiwe kilekile siku zote 20, mfano ugali na maharage, kimepikwa kwa vipimo vilevile, kingi kuliko unavyoweza kumaliza. Kiweke kwenye hotpoti, pima hotpoti na mfuniko, andika. Kula mpaka ushibe kama kawaida, ukiwa peke yako bila TV na bila watu, kwa kuwa ukila na shemeji anayekukaribisha "ongeza bana" hautakula cha kwako. Ukimaliza pima hotpoti tena. Tofauti ni gramu ulizokula. Usijipakulie sahani ukamaliza kwa adabu, kwenye familia zetu kubakisha ni aibu na hiyo aibu itaingia kwenye namba zako.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kuandika: ulilala masaa mangapi. Mwaka 2004 pale chuo kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 masaa 4 kwa usiku mbili, wakalinganisha na walipopewa masaa 10 kitandani, na leptini ambayo ni homoni ya kuambia ubongo tumeshiba ikashuka asilimia 18, grelini ambayo ni ya njaa ikapanda asilimia 28. Siku uliyoamka saa tisa usiku kuwahi gari la Dar iwekee nyota, usiifute, nyota tu.

Hatua ya 8. Hesabu

Jumlisha gramu za mchana za siku za viazi gawa kwa 10, fanya hivo kwa maandazi. Tuseme viazi wastani umekula gramu 520 na maandazi 610, tofauti ni 90. Je hiyo 90 ni ya kweli au ni bahati? Sasa hapa huhitaji kusomea takwimu. Andika zile namba zako 20 kwenye vikaratasi, changanya kwenye kikombe, toa 10 bila kuangalia uite kundi A, zilizobaki B, tafuta wastani wa kila kundi na tofauti yake. Rudia mara 50, watoto wanapenda kusaidia hii kazi. Kama kwenye mara 50 za kuchanganya hovyo unapata tofauti ya 90 au zaidi mara moja au mbili tu, basi viazi vinafanya kitu kweli. Kama unaipata mara 15, samahani, hujapata kitu, na hilo nalo ni jibu zuri tu, liandike.

Mamdogo alifanya hili la viazi siku zote 20, hakuruka hata moja, tena ile siku ya kipaimara cha mjukuu alipima hotpoti kwanza ndo akaenda. Kwake tofauti ilitoka. Kwangu mimi ilitoka ndogo sana mpaka kura zikasema ni bahati tu. Matumbo mawili ya ukoo mmoja, na ndo maana profesa Seth Roberts wa Berkeley, aliyejipima usingizi, uzito na hamu ya kula kwa miaka mingi mpaka alipofariki 2014, alichopata kwenye mwili wake huwezi kukibeba kikawa sheria ya mwili wako. Chukua njia yake ya kuandika kila siku, majibu tafuta ya kwako.

SEHEMU YA PILI: UREFU WA MAISHA, KWA VINZI

Mwaka 1935 Clive McCay wa chuo kikuu cha Cornell alionyesha kuwa panya waliopunguziwa chakula (lakini wakapewa vitamini na madini ya kutosha) waliishi muda mrefu kuliko waliokula watakavyo. Panya nyumbani sikushauri, wanaishi miaka, wananuka, na kuwatesa ni rahisi bila kujua. Vinzi vya ndizi ndo vyenyewe. Ni haohao ambao Thomas Hunt Morgan aliwafuga New York kwenye chupa za maziwa na kuwalisha ndizi, mwaka 1910 akampata mmoja mwenye macho meupe, na kazi ile ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1933. Nataka kuwe wazi hatuongelei yule nzi mkubwa wa matunda anayetoboa maembe shambani, yule ni mwingine. Wala vile vya bafuni vyenye mabawa ya manyoya kama kipepeo. Hawa ni wadogo, milimita 3 hivi, rangi ya kahawia iliyofifia, macho mekundu.

Hatua ya 1. Pata kizazi chenye umri mmoja

Chukua ndizi kisukari iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, iponde kidogo, weka ndani ya chupa ya jemu, tengeneza karatasi iwe kama faneli uchomeke mdomoni, acha jikoni. Kesho au keshokutwa watakuwepo. Waache siku mbili watage, afu wafukuze wote nje. Utaona funza weupe wadogo wanatembea kwenye ndizi, baada ya siku chache wanapanda ukutani mwa chupa wanajigeuza pupa wa kahawia kama punje za ufuta. Kwenye joto la nyuzi 25 kuanzia yai mpaka nzi kamili ni kama siku 10. Wakianza kutoka, wale wa kwanza waachie, afu wote watakaotoka ndani ya masaa 48 yanayofuata ndo kizazi chako. Sasa unajua tarehe yao ya kuzaliwa, kitu ambacho kwa babu zetu hatukuwa nacho.

Hatua ya 2. Pika chakula

Chakula cha nzi kwenye maabara nyingi ni unga wa mahindi, sukari na hamira. Yani uji! Kwa nusu lita ya maji weka sembe gramu 60 na sukari gramu 25. Hamira kavu ya mkate ndo tunayoibadilisha kwa sababu ndo protini yao: sufuria ya kwanza gramu 50, ya pili gramu 25, ya tatu gramu 3. Chemsha dakika 10 huku unakoroga ili hamira ife, tumia sufuria yenye kina maana inafura. Hamira ikibaki hai uji utaumuka mpaka uguse pamba ya kuzibia chupa, batch yangu ya kwanza yote ilipotea hivo. Ikipoa kidogo tia siki kijiko kimoja cha mezani kupunguza ukungu. Mimina sentimita 2 kila chupa, funika kwa neti, subiri ipoe na mvuke uishe kabisa ukutani, tone la maji kwenye glasi kwa nzi ni bwawa.

Kwa nini vyakula vitatu na sio viwili? Kwa sababu ukipunguza unaweza kupitiliza. Chakula kingi kinafupisha, kidogo sana nacho kinaua, na kama una chupa mbili tu hutajua uko upande gani wa mlima.

Hatua ya 3. Panga chupa

Waache jike na dume pamoja siku mbili kwanza. Afu weka chupa yao kwenye friji, sio friza, dakika kama 10, watalala. Wamwage kwenye sahani uliyoilaza kwenye friji, na kwa unyoya laini wa kuku watenganishe. Dume ni mdogo na ncha ya tumbo lake ni nyeusi, jike ni mkubwa, tumbo limechongoka lina mistari. Fanya haraka, wakipata joto wanaamka wote kwa pamoja. Chukua majike tu, 10 kila chupa, chupa 3 kila chakula, jumla 90. Chupa ilaze ubavu mpaka waamke, ukiisimamisha wanalala kwenye uji wananasa. Ziba kwa pamba. Andika chini ya chupa namba tu, maana ya namba iwe kwenye karatasi anayoitunza mtu mwingine, ili unapohesabu waliokufa usijue ni chakula gani.

Chupa zote rafu moja, na kila ukizigusa zibadilishe nafasi. Joto ni kila kitu hapa: Jacques Loeb na John Northrop walionyesha tangu mwaka 1917 kuwa nzi kwenye ubaridi wanaishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usilinganishe chupa zako za Moshi mwezi wa pili na za rafiki yako wa Sakina Arusha mwezi wa saba kule wanakovaa makoti, mtakuwa mnapima hali ya hewa.

Hatua ya 4. Kila baada ya siku mbili

Gonga chupa kwenye taulo lililokunjwa, wanaanguka chini, toa pamba, weka mdomo kwa mdomo na chupa mpya yenye uji mpya, geuza, gonga, ziba. Usipowahamisha watoto wao watatoka na hutajua nani ni nani. Andika waliokufa, waliotoroka, waliobaki. Aliyetoroka sio maiti, muondoe kwenye hesabu kabisa, na aliyenasa kwenye uji au uliyembana na pamba muandike pembeni.

Zile chupa za zamani usizitupe siku hiyohiyo, zikae wiki moja uhesabu pupa. Hapa ndo kuna kitu cha kushangaza, chupa za hamira nyingi ukuta unajaa punje za kahawia mpaka huoni ndani, za gramu 3 utahesabu vichache. Jike mwenye protini nyingi anataga sana. Na kwa wenye watoto, siku moja tia rangi ya chakula ya bluu kwenye uji wa kila aina, baada ya saa moja angalia matumbo kwa lenzi ya simu, yanakuwa bluu kabisa, unaona nani kala na nani kalala.

Hatua ya 5. Kusoma majibu

Chora mstari wa chini siku, wa pembeni walio hai. Kwa kila chakula tafuta siku ambayo nusu wamekufa, kama ni 30 basi siku aliyokufa wa 15. Linganisha hizo siku tatu. Watafiti Mair, Piper na Partridge mwaka 2005 walipofanya kazi ya namna hii kwa uangalifu wa maabara walikuta kupunguza hamira kunarefusha maisha ya nzi kuliko kupunguza sukari, hata kalori zikiwa sawa. Kwa hiyo sio kalori peke yake, ni zimetoka wapi. Angalia kama chupa zako zinasema hivo.

Ukiona ya katikati imeshinda usikimbilie kujipunguzia maharage. Kima wa maabara za Marekani walioanza kufuatiliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 walitoa majibu yanayopishana, wa Wisconsin waliopunguziwa chakula waliishi zaidi, wa taasisi ya taifa ya uzee hawakuishi zaidi, na sababu moja ni kuwa chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari nyingi sana, yani kupungukiwa nacho kulikuwa ni nafuu. Kwa binadamu jaribio kubwa la miaka miwili lililotolewa 2015 lililenga watu wapunguze robo ya kalori, wakaweza kama asilimia 12 tu, tena hawa walikuwa na wataalamu nyuma yao. Na urefu wa maisha yao haujapimwa, miaka miwili haitoshi.

Jaribio likiisha weka chupa zote kwenye friza usiku mzima zikiwa zimezibwa, ndo uoshe kwa maji yanayochemka, pamba choma. Uji wenye ukungu utupe kabisa, ule msafi wape kuku. Daftari weka tarehe na joto la kila siku kwenye jalada, kwa sababu ukirudia mwezi wa saba utataka kujua ilikuwaje.